Safari Mbili za Bibi

Swali la 14 niliandika mwenyewe, na nililipenda. "Jana ulifanya safari ngapi?" Lilikuwa fupi, halikuwa na siasa ndani yake, na nilidhani hakuna Mtanzania asiyelielewa. Msimamizi wangu chuoni alikuwa amenitaka nilijaribu dodoso kwa watu wachache kabla ya kuliingiza kwenye vishikwambi na kuwakabidhi wadadisi. Kwa kuwa Bariadi ni kwetu, na nauli ya kwenda pengine kokote ingetoka mfukoni mwangu, nikaanza na bibi, mama mzaa mama.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, anachambua choroko kwenye ungo. Nikamwamkia "mwangaluka", akacheka kwa jinsi ninavyolitamka siku hizi. Kisha nikasoma maswali kama nilivyofundishwa, bila kuongeza neno wala kupunguza. Umri wake, akakisia. Watu wanaokula chungu kimoja: tisa. Baiskeli: moja, mbovu. Tukafika la 14.

"Safari?" Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama ana ndege. "Mjukuu wangu, mimi nimesafiri mara mbili tu. Nilipoolewa, na tulipohamishwa."

Nikaandika 2. Halafu nikakumbuka kwamba swali linahusu jana. Nikafuta, nikaandika 0.

Jana yake nilikuwepo. Aliamka saa kumi na moja alfajiri akaenda kisimani na ndoo ya lita kumi, maana dumu la ishirini haliwezi tena. Akarudi, akaenda shambani. Mchana akapeleka mahindi mashineni, akapitia msibani kwa jirani, na jua lilipopoa akarudi kisimani. Yote kwa miguu, na sehemu kubwa akiwa na mzigo kichwani. Dodoso langu lilimwona mtu aliyeshinda nyumbani.

Ile sifuri sikuibuni mimi. Niliirithi, na nimetumia miezi kadhaa kufuatilia ukoo wake.

Kwanza niseme dodoso lenyewe ni la nini. Mkoa unapotaka kujua barabara gani itanuliwe, stendi ihamishiwe wapi, au reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka itavuta watu wangapi kutoka Bariadi hadi Malampaka, hauwezi kujenga kwanza ukasubiri miaka ishirini uone. Wataalamu hutengeneza mkoa mwingine mdogo ndani ya kompyuta. Wanaugawa katika kanda, kisha wanaupitisha kwenye hatua nne: kila kanda inazaa safari ngapi, safari hizo zinaishia kanda ipi, zinafanyika kwa chombo gani, na zinapita njia ipi. Hiyo ndiyo modeli. Chakula chake ni majibu ya kaya chache zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, majibu yanayokuzwa ili yasimame badala ya kaya zote. Simiyu ilikuwa na watu 2,140,497 katika sensa ya 2022. Ukihoji kaya elfu mbili, kila kaya inabeba mamia ya nyingine mgongoni. Sifuri ya bibi, ikikuzwa, ni sifuri ya mamia ya mabibi.

Utaratibu huu una mwaka wa kuzaliwa. Mwaka 1944, vita vya dunia vikiwa havijaisha, Marekani ilipitisha sheria ya barabara iliyofungulia fedha za serikali kuu kuingia hadi ndani ya miji. Swali likawa zipitishwe wapi. Kabla ya hapo wahesabu magari walisimama kando ya njia na karatasi zao. Lakini kumhesabu mtu njiani hakukwambii ametoka wapi, wala angepita wapi kama angekuwa na hiari. Ofisi ya Barabara za Umma ya huko ikaandaa mwongozo wa kuwafuata watu majumbani mwao na kuwauliza mizunguko yao ya jana, na mwaka huohuo ukaanza kutumika katika miji kama Tulsa, Little Rock, New Orleans, Memphis na Savannah.

Aliyeugeuza mwongozo huo kuwa sayansi, kwa maoni ya wengi, ni J. Douglas Carroll. Aliongoza utafiti wa usafiri wa jiji la Detroit kuanzia mwaka 1953, kisha akaitwa Chicago mwaka 1955. Wahojaji wake waligonga milango ya makumi ya maelfu ya kaya. Majibu yakatobolewa kwenye kadi, kadi zikaingizwa kwenye mashine, na mashine moja waliyoiita Cartographatron ikawa inachora kila safari kama mstari wa mwanga juu ya kioo, mmoja juu ya mwingine, huku kamera ikipiga picha. Mistari hiyo waliiita mistari ya matamanio: kutoka mlangoni kwa mtu moja kwa moja hadi alikotaka kufika, kana kwamba hakuna mto wala jengo katikati. Nimeziangalia picha hizo mara nyingi kuliko ilivyonipasa. Ni nzuri. Jiji zima linaonekana kama makaa yaliyopulizwa.

Ila ukisoma fomu zao utaona nani hayumo kwenye mwanga huo. Aliyehesabiwa ni mtu wa miaka mitano na zaidi, mwenye anwani. Safari ni kutoka sehemu moja hadi nyingine kwa sababu moja. Chombo ni gari, basi, treni. Safari za miguu kwa kawaida hazikuandikwa, na zilipoandikwa zilikuwa zaidi zile za kwenda kazini. Siwalaumu. Walikuwa wanatafuta pa kupitisha barabara za magari, wakauliza kuhusu magari. Tatizo linaanza fomu inapopanda ndege. Mwaka 1962 sheria nyingine ya Marekani ilidai kila mji wenye watu zaidi ya 50,000 uwe na mchakato wa kudumu wa kupanga usafiri ili upate fedha za barabara. Utaratibu ukawa kazi ya kampuni, kazi ya kampuni ikawa kitabu cha kiada, na kitabu kikafika hadi kwenye faili niliyoipakua usiku mmoja nikiwa bwenini, nikaanza kuitafsiri. Palipoandikwa "trip", nikaweka "safari". Hata sikusita.

Usidhani kabla ya faili hiyo hakuna aliyewahi kuhesabu mwendo wa watu wa Usukuma. Walihesabiwa sana. Serikali ya kikoloni ilihesabu vichwa kwa ajili ya kodi, ng'ombe kwa ajili ya kuwapunguza, na pamba kwa ajili ya meli. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Malampaka na Malya, na tangu hapo njia za magari za huku zikawa na tabia moja: zilielekea kwenye reli, ziwani au kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Kati ya 1947 na 1956 kulikuwa na mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma. Malambo yalichimbwa, watu wakaamriwa walime kwa matuta, ng'ombe wakapunguzwa kwa nguvu, na makao ya shirikisho la watemi yakawekwa Malya. Wakulima nao wakajihesabia. Shirikisho la vyama vya ushirika lililoundwa mwaka 1955, Paul Bomani akiwa mbele, lilijua pamba imetoka chama gani na imepimwa kilo ngapi, na likaja kuwa mojawapo ya mashirika makubwa ya wakulima barani Afrika.

Kilo zilijulikana. Marobota yalijulikana. Ila mwendo wa furushi la pamba kutoka shambani hadi mizani ya chama, kichwani mwa nani na kwa saa ngapi, ulikuwa nje ya daftari. Daftari lilianzia mizanini.

Hapo ndipo zinapoingia safari mbili za bibi.

Ya kwanza ilikuwa mwaka 1967, ambao anaukumbuka kama mwaka wa kuhesabiwa, kwa sababu ndio mwaka wa sensa ya kwanza baada ya uhuru. Alitoka kwa baba yake akaja kwa babu. Mji wa babu ulikuwa peke yake, kama ilivyokuwa desturi: nyumba, zizi, ua wa minyaa kuzunguka, shamba mlangoni, na upande mmoja ngitili, nyasi zilizotengwa kwa ajili ya ndama na ng'ombe wagonjwa wakati wa kiangazi. Jirani wa karibu ungemwona moshi wake, si uso. Kuni zilikuwa hapo hapo ngitilini. Ukiuweka mji ule kwenye modeli yangu, ungezaa safari chache fupi mno, na karibu zote zingekuwa za maji.

Ya pili ilikuwa mwaka 1974. Novemba 6, 1973, Rais Nyerere alikuwa ametangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena ila ni amri, na mwisho wa yote ulipangwa kuwa 1976. Shinyanga, ambayo Bariadi ilikuwa ndani yake, ilipata operesheni yake mapema. Bibi hasimulii mengi. Lori lilikuja, paa likashushwa, mtungi mmoja ukavunjika njiani. Wakashushwa kando ya barabara kwenye viwanja vilivyopimwa kwa mstari.

Nilimuuliza ilikuwa mbali kiasi gani. "Si mbali. Ukitoka asubuhi unafika kabla ya jua kali." Saa mbili za kutembea, basi. Mwendo huohuo, miaka iliyofuata, aliurudia kila msimu wa kilimo, kwa sababu shamba halikuhamishwa pamoja nao. Hakuuita safari hata siku moja.

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Mpangaji wa usafiri anauliza watu wanakwenda wapi ili ajue barabara ipite wapi. Mwaka 1974 barabara ilikuwepo tayari, wakahamishwa watu. Kijiji cha mstari kilikuwa na hoja zake: shule, zahanati na bomba la maji ni rahisi kuvipeleka kwa watu waliokusanyika, na mama yangu alisoma shule iliyojengwa pale. Lakini hakuna aliyepiga hesabu ya upande wa pili, ya hatua ngapi zitaongezeka kila siku kwenda shambani, kwenye kuni na malishoni. Ngitili nyingi zilikufa katika miaka ile kwa kukosa mtu wa kuzilinda. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986 na kuzifufua, ulihesabiwa kuwa mradi wa misitu. Kwa mwanamke aliyepata tena kuni karibu na mlango wake ulikuwa mradi wa usafiri pia, ila sijauona katika ripoti yoyote ya usafiri niliyosoma.

Kuna mahali hapahapa Tanzania ambapo mtu aliuliza vizuri. Makete, wakati huo ikiwa wilaya ya Mkoa wa Iringa, leo Njombe, ni nchi ya baridi na milima, mbali na Simiyu kwa kila namna, ingawa mikoa hiyo miwili ilizaliwa mwaka mmoja, 2012. Katikati ya miaka ya 1980 Shirika la Kazi Duniani, kwa fedha za Uswisi, lilianzisha huko mradi wa usafiri wa vijijini. Badala ya kuanza na tingatinga, walianza na dodoso. Ian Barwell na Christina Malmberg Calvo, pamoja na wadadisi wao, hawakuuliza kaya zimesafiri mara ngapi. Waliuliza maji yanatoka wapi, nani huyafuata, mara ngapi, kwa muda gani, kwa uzito gani. Kisha kuni. Kisha mashine ya kusaga, shamba, zahanati, soko. Kazi kwanza, mwendo baadaye.

Walipojumlisha, picha iligeuka chini juu. Sehemu kubwa ya mwendo wa kaya haikugusa barabara kabisa. Ilikuwa ndani ya kijiji na kuzunguka kijiji, kwenye vijia, kwa miguu, na waliobeba zaidi ni wanawake. Waliupima mzigo kwa tani-kilomita, yaani uzito mara umbali, kipimo kilekile kinachotumika kwa malori na treni. Napenda kipimo hicho kwa sababu hakina adabu ya uongo. Kinasema kichwa cha mama ni chombo cha usafirishaji, na kinakipa namba.

Kwa hiyo mradi wa Makete ukafanya mambo ambayo mhandisi wa barabara angeyaona vituko. Ulichonga vijia vya miguu na kuweka vivuko, ukahimiza punda na mikokoteni midogo ya mkono, ukasaidia mashine za kusaga zisogee karibu na watu, na barabara nazo zikatengenezwa kwa nguvu kazi ya wanakijiji. Mwaka 1996 Barwell alikusanya matokeo ya Makete na Tanga pamoja na ya nchi nyingine za Afrika katika ripoti ya Benki ya Dunia. Ninayo kwenye simu. Imenifaa kuliko vitabu vitatu vya kiada.

Mijini utafiti wa kaya ulikuja kwa mlango mwingine. Nairobi ilihoji kaya karibu 10,000 mwaka 2004 kwa msaada wa JICA, wakakuta karibu nusu ya safari za wakazi ni za miguu, katika jiji ambalo mjadala wake wote ulikuwa foleni za magari. Dar es Salaam ilifanyiwa utafiti kama huo, nao wa JICA, na mpango mkuu wake ukatoka mwaka 2008. Kazi nzuri zote mbili. Lakini ni kazi za jiji, na aliyezitafsiri kwa Kiswahili alikuwa anaongea na watu wanaosema "nimesafiri" wakipanda hata daladala. Au labda hao pia walijibu sifuri mara kadhaa, nani ajuaye.

Nirudi Bariadi. Baada ya bibi nilijaribu "matembezi", na mama wa nyumba ya pili akakasirika kidogo: yeye si mtu wa kutembeatembea, ana mume. Nikajaribu "ulikwenda wapi", ambalo ni zuri, ila mdadisi wangu mmoja aliyetoka Pwani alipoongea na wazee waliochanganya Kisukuma alipotea, kwa kuwa kwa Kisukuma "kuja" ndiyo kwenda. Mzee anasema alikuja mnadani, mdadisi anaandika kwamba amehojiwa mnadani.

Aliyenisaidia ni binamu yangu, ana miaka kumi na tisa, wala hakujua kama ananisaidia. Aliingia uani na dumu, akalitua kwa kishindo, akasema, "Leo nimepiga tripu nne, mgongo umekufa."

Tripu! Tripu ya mchanga, tripu ya matofali, tripu ya maji. Lile lile neno la Kiingereza nililolitafsiri kwa uangalifu bwenini lilikuwa limeshafika kijijini muda mrefu, juu ya malori ya mchanga, na lilikuwa limebadilika likawa na maana ninayoitaka: kwenda mara moja kufuata kitu na kurudi nacho. Nikamrudia bibi. "Bibi, jana ulipiga tripu ngapi?" Akaanza kuhesabu kwa vidole bila kunitazama. Alipofika saba akasema ngoja, msibani nilikwenda mara mbili, nilisahau kanga ya kuwapelekea.

Nane.

Swali la 14 sasa ni ukurasa mzima. Linaanza na alipoamka, linafuata kazi moja moja: maji, kuni, shamba, mashine, shule, mifugo, soko, msiba, ibada, zahanati. Linachosha, na kaya moja inachukua karibu saa nzima, hasa kwa kuwa kaya za Simiyu ni miongoni mwa kubwa nchini. Hata neno "kaya" lenyewe lilinihangaisha. Kwa Msukuma kaya ni mji wote, na ndani ya mji mmoja kunaweza kuwa na wake wawili, vyungu viwili, na mtoto mkubwa aliyejenga chumba chake pembeni. Tuliamua kufuata chungu, kama sensa inavyofanya.

Saa nazo zilinichekesha, baadaye. Data za majaribio ziliporudi, grafu ilionyesha kwamba watu wa Bariadi huanza kutoka saa saba usiku na kilele cha msongamano ni saa nane za usiku. Wadadisi walisikia "saa moja asubuhi" wakaandika 01:00, wakasikia "saa mbili" wakaandika 02:00. Kishikwambi hakikulalamika. Siku mbili nzima nilirekebisha mkoa uliokuwa ukitembea gizani.

Siku ya kuuliza pia ina maana. Ukihoji kesho yake baada ya mnada, utapata kijiji kinachosafiri kama Kariakoo: michomoko imejaa hadi buti, bodaboda yenye abiria wawili na mbuzi, guta la magunia. Ukihoji siku nyingine utadhani wote wamelala. Tukagawanya siku za wiki kwa zamu. Majira ni magumu zaidi. Ununuzi wa pamba hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei, na kwa wiki chache mkokoteni wa ng'ombe unaokwenda AMCOS ndiyo usafiri mkuu wa huku. Ruzuku yangu ya utafiti ilitosha msimu mmoja tu. Nimeandika hivyo wazi kwenye sura ya tatu.

Kuna mtu mmoja niliyeshindwa kabisa kumweka kwenye fomu, mtoto wa miaka kumi na moja anayechunga. Fomu inataka alikotoka na alikokwenda. Alitoka zizini. Alikwenda... zizini. Kati ya hapo alitembea siku nzima nyuma ya ng'ombe kumi na wanane kufuata majani, na hakuna mahali alipokuwa "anakwenda". Mdadisi wangu aliandika kwamba mahali pa kuanzia na pa kumalizia ni pamoja, kishikwambi kikaifuta safari hiyo chenyewe kama kosa la uingizaji.

Nilidhani kazi imeisha nilipopata nane ya bibi. Nikampelekea msimamizi wangu matokeo ya awali kwa fahari. Akayasoma, akauliza kwa upole kanda zangu ni zipi. Nikasema kata. Akasema, "Basi zote hizi zinapotea kwenye hatua ya nne."

Alikuwa sahihi. Ndani ya modeli, kanda nzima hukusanywa iwe nukta moja, na safari huondoka nukta hadi nukta kupitia mtandao wa barabara. Safari inayoanza na kuishia ndani ya kanda ileile haina pa kupita. Inahesabiwa hatua ya kwanza, inajulikana hatua ya pili, kisha haiwekwi barabarani. Maji ya bibi, mashine yake, msiba wake, shamba lake: vyote viko ndani ya kata moja. Nilikuwa nimehangaika kumtoa kwenye sifuri, na modeli ingemrudisha pale pale, safari hii kwa heshima zote za kitaalamu. Kutoka Lamadi kuja Bariadi ni kilomita 71.8 za lami, kisha 49.7 hadi Maswa na 50.3 hadi Mwigumbi. Hizo modeli inaziona mpaka mashimo yake. Mistari yote minene ya ramani yangu ilikuwa juu ya lami hiyo, na watu wengi wa mkoa hawakuwa ndani ya mistari hiyo siku nyingi za mwaka.

Dawa ipo, ila ni ya jasho: kupunguza ukubwa wa kanda hadi kitongoji, na kuchora vijia vya miguu kama sehemu ya mtandao. Kwa mkoa mzima sina uwezo huo. Nimechagua kata tatu. Vijia havimo kwenye ramani yoyote niliyopewa, kwa hiyo nimevichora kwa kutembea nyuma ya watu na simu inayorekodi njia. Nyuma ya watoto wa shule, nyuma ya wauza mkaa wenye baiskeli, nyuma ya mchungaji, ambaye alinichosha hadi nikakaa chini ya mti akaniacha.

Wa mwisho alikuwa bibi. Tulikwenda mashineni asubuhi, yeye na debe la mahindi, mimi na simu. Alikataa nimsaidie kubeba kwa sababu, alisema, nitaharibu hesabu. Kijia kinapita nyuma ya shule, kinashuka kwenye korongo, kinapanda upande wa pili kwa ngazi zilizochongwa na miguu tu. Korongo lilikuwa kavu, mchanga mtupu. Kule juu alisimama kupumzika, akainama kutazama kioo, ule mstari wa buluu uliokuwa unatufuata.

"Na humo ndani, korongo likijaa linaonekana?"

Nikasema hapana.

"Mwaka juzi tulikaa siku nne bila unga," akasema, akaweka debe kichwani.

Usiku nilifungua jedwali la vijia nikaongeza safu moja: kinapitika mvua zikikolea, ndiyo au hapana. Cha mashineni nikaandika hapana. Vingine ishirini na sita bado sijauliza.